Kabla hujamfukuza paka kwa sababu ya mimba

Katika nyumba nyingi za Mombasa, habari za mimba zikishatangazwa, wa kwanza kuhukumiwa ni paka. Hutiwa ndani ya kikapu au gunia, akapelekwa sokoni au karibu na diko la wavuvi, akaachwa huko ajitafutie. Wanaofanya hivyo hawana roho mbaya. Wamesikia kwamba paka ana ugonjwa unaoharibu mimba, na katika hilo hawakudanganywa. Walichokosa kuelezwa ni njia ambayo ugonjwa huo hupitia mpaka ukamfikia mama, na kwa kukosa kuelezwa humtoa mnyama nyumbani huku njia zenyewe zikibaki wazi jikoni, uani na sokoni. Kazi yangu ni ya maabara, ya hadubini na mirija ya damu, na nyumbani nafuga paka wawili. Kwa hiyo naulizwa swali hili na wanaoogopa paka na wanaowapenda, na nimeona heri nilijibu kwa urefu mahali pamoja.

Kimelea kinachoogopwa huitwa toksoplazma. Kilitambuliwa mwaka 1908 mjini Tunis na Charles Nicolle na Louis Manceaux, waliokikuta ndani ya mnyama mdogo wa maeneo makavu ya Afrika Kaskazini, wa jamii ya panya, aitwaye gundi. Mwaka huohuo Alfonso Splendore alikikuta kwa sungura nchini Brazil. Kwa takriban miaka sitini baadaye wataalamu walikijua kimelea chenyewe bila kujua kinaeneaje. Mwaka 1965, William Hutchison wa Uskoti alionyesha kwamba kinyesi cha paka kinaweza kukiambukiza, na kufikia mwaka 1970 ikathibitika kwamba wanyama wa jamii ya paka, wa nyumbani na wa mwituni, ndio pekee ambao kimelea hiki hukamilisha uzazi wake matumboni mwao na kutoa vijiyai. Ushahidi unaonivutia mimi zaidi ulitoka visiwani. Mtafiti G. D. Wallace alipima damu za wakazi wa visiwa vidogo vya Pasifiki na kuchapisha matokeo yake mwaka 1969: palipokuwa na paka, watu wengi walikuwa wamekwisha kuambukizwa, na pasipokuwa na paka walioambukizwa walikuwa wachache mno. Sisi wa Mombasa, Lamu na Unguja hatuwezi hata kuujaribu utafiti wa namna hiyo, kwani hakuna kichochoro chetu kisicho na paka wake.

Basi paka anahusika, na hilo silipingi. Swali ni anahusika lini na kwa kitu gani. Paka huambukizwa anapokula panya, ndege au nyama mbichi yenye kimelea. Akiambukizwa kwa mara ya kwanza hutoa vijiyai kwa mamilioni katika kinyesi chake kwa muda wa wiki moja hadi tatu, kisha mwili wake hujenga kinga, na wengi hawavitoi tena maishani, ingawa wachache huweza kurudia, hasa wakidhoofika. Vijiyai hivyo vinapotoka havina nguvu ya kumwambukiza mtu, kwa maana vinahitaji kati ya siku moja na tano za hewa, joto na unyevu ndipo vikomae. Vikishakomaa huweza kukaa hai katika udongo wenye unyevu kwa zaidi ya mwaka mmoja, na klorini tunayotia katika maji ya kunywa haiviui, ijapokuwa kuyachemsha maji huviua.

Kwa hesabu hiyo, paka mzima aliyelala mkekani kwako, anayelishwa ugali na samaki wa kupikwa, ana uwezekano mdogo sana wa kukuambukiza leo. Hata kinyesi alichokitoa asubuhi, kikizolewa siku hiyohiyo, hakijapata muda wa kuwa hatari. Kinachostahili kuogopwa ni kile ambacho hakuna aliyekiona, kilichofukiwa wiki iliyopita katika tuta la mchicha na paka shume asiye na mwenyewe. Tena mwenye kumtupa paka wa miaka mitano, kisha akashindwa na panya na kuleta kitoto cha paka kipya, amemwondoa mnyama ambaye huenda hatari yake ilikwisha pita na kumwingiza yule ambaye yake bado iko mbele, kwani watoto wa paka wanaoanza kuwinda ndio hasa wanaoambukizwa kwa mara ya kwanza. Nao hao panya si wageni wema. Paka akiondoka panya hutawala, na homa ya mgunda iliyozuka Lindi mwaka 2022 ilitukumbusha kwamba mkojo wa panya ni miongoni mwa njia kuu za ugonjwa huo.

Manyoya ya paka husingiziwa mengi, likiwamo la kumfanya mwanamke asishike mimba. Toksoplazma haikai katika manyoya. Paka hujilamba mchana kutwa, na kinyesi hakidumu mwilini mwake siku zinazotosha kukomaza vijiyai. Mate yake pia si njia ya kimelea hiki kumfikia mtu. Kwetu pwani, ambako wengi wetu ni wa madhehebu ya Shafi, mtoto hufundishwa mapema kwamba maji aliyokunywa paka yamebaki kuwa tohara, na kwamba kinyesi chake ni najisi. Sidai kwamba hukumu hiyo iliwekwa kwa ajili ya vimelea, kwa kuwa ibada ina misingi yake. Hata hivyo nimewahi kuitumia kuwaeleza akina mama wazima waliokuwa wamechoka na maneno ya kitaalamu, na walielewa papo hapo kwamba mnyama ni kitu kimoja na kinyesi chake ni kitu kingine. Ninaongeza tahadhari moja tu, kwamba maneno haya yanahusu toksoplazma. Aliyeng'atwa au kuparurwa na paka anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na kwenda hospitali, kwa sababu kichaa cha mbwa huambukizwa na paka pia, na hicho ni kirusi kisichosubiri.

Njia ambayo watu hawaitaji kabisa ni nyama. Mbuzi au kondoo aliyekula majani yenye vijiyai hubaki na kimelea ndani ya misuli yake, kikiwa kimejifunika kwa utando, kikimsubiri atakayeila nyama hiyo ikiwa haijaiva. Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika miji sita ya Ulaya, ikiwamo Naples, Milan, Brussels na Oslo, ukiwalinganisha wajawazito walioambukizwa na wasioambukizwa. Ilionekana kwamba kati ya asilimia 30 na 63 ya maambukizi, kutegemea mji, yalitokana na nyama isiyoiva vizuri au iliyokaushwa bila kupikwa, na asilimia 6 hadi 17 yalitokana na kugusa udongo. Kuishi na paka hakukuonekana kuongeza hatari. Ulaya si Mombasa, na sisi hatuli nyama mbichi kwa makusudi kama wao. Lakini nenda jioni kwenye jiko la mishkaki uone vipande vinavyotolewa vikiwa vimeungua nje na kuwa vyekundu ndani, kisha mama mjamzito anapewa vya kwanza kwa heshima. Ipo pia tabia ya jikoni ambayo wengi wetu tumerithishwa, ya kuonja nyama ya kababu ikiwa bado mbichi ili kujua kama chumvi imekolea. Mjamzito aiache tabia hiyo kabisa, amwachie mwingine, na huyo mwingine naye heri akaange kidonge kimoja kwanza ndipo aonje. Nyama ikifika nyuzi 67 za selsiasi hadi katikati, kimelea hufa. Kwa wasio na kipimajoto, nyama ikatwe ionekane imegeuka rangi mpaka ndani, na isiwe inatoa maji mekundu.

Kibao kilichokatiwa nyama kisikatiwe kachumbari kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Kuhusu kachumbari yenyewe, na majani yote yanayoliwa mabichi, kuna imani kwamba ndimu inaua kila kitu. Watafiti wanaokusanya vijiyai vya toksoplazma kwa ajili ya majaribio huvihifadhi kwenye jokofu ndani ya asidi ya salfuriki ya asilimia 2, na humo huendelea kuishi kwa miezi mingi. Ndimu haiwezi kufika popote. Kinachosaidia ni kuviondoa, yaani kumenya kinachomenyeka na kusugua vingine kwa maji safi yanayotiririka, ukirudia hadi mchanga usionekane tena chini ya bakuli. Nasisitiza mchanga kwa sababu unapoona punje ya mchanga kwenye mchicha umeuona udongo uleule tuliokuwa tukiusema.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo wajawazito wenyewe hulificha. Udongo wa kula unauzwa wazi katika masoko yetu, na jirani zetu wa Tanzania huuita pemba. Kliniki hukataza kwa sababu ya upungufu wa damu na madini mazito, na makatazo hayo ni ya haki, lakini sijasikia paka akitajwa hapo hata mara moja, wakati kula udongo ambao haukuchomwa ni kuingiza kinywani moja kwa moja kile ambacho tunahofia kukigusa kwa mkono. Nimewahi kuona paka akitupwa kwenye nyumba ambayo mjamzito ana mfuko wa udongo chini ya mto. Sikusema kitu siku hiyo kwa sababu mama mkwe alikuwapo, na si vizuri kumfedhehi mtu mbele ya wakwe zake, lakini baadaye tulizungumza sisi wawili.

Mahali pengine pa kuangalia ni rundo la mchanga wa ujenzi. Nyumba zetu hujengwa polepole, miaka kwa miaka, na rundo la mchanga mbele ya mlango huwa choo cha paka wa mtaa mzima usiku na uwanja wa michezo wa watoto mchana. Kulifunika kwa turubai na kulizungushia matofali kunakinga mengi kuliko kutupa paka kumi, na kunawakinga watoto na kimelea cha pili, ambacho kwao nakiona kizito zaidi.

Hicho ni mnyoo uitwao toksokara. Paka wengi wadogo wanao, kwa kuwa huupata katika maziwa ya mama yao, na hao ndio wenye matumbo yaliyovimba kama puto na manyoya yaliyosimama. Mayai ya mnyoo huu yakishakaa mchangani majuma kadhaa huwa tayari kuambukiza. Mtoto akiyameza, viluwiluwi huanguliwa tumboni, hupenya utumbo na kuzunguka mwilini vikitafuta njia ambayo katika mwili wa paka vingeijua na katika mwili wa binadamu haipo. Huweza kufika kwenye ini na mapafu, mtoto akapata homa, kikohozi na tumbo kuuma, na katika kipimo cha damu tukaona eosinofili, aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu, zimepanda sana. Kiluwiluwi kimoja kikiingia jichoni chaweza kuharibu uwezo wa kuona wa jicho hilo, mara nyingi bila maumivu makali, hata mtoto akae muda mrefu pasipo mtu kujua kwamba anaona kwa upande mmoja. Mtoto anayeanza kupinda jicho, au mwenye weupe katikati ya mboni, apelekwe kwa daktari wa macho bila kungoja, kwa ajili ya hili na kwa ajili ya magonjwa mengine mabaya zaidi yanayoonekana vivyo hivyo.

Shangazi yangu mmoja alinijia na kikopo kimefungwa kwa leso. "Mwanangu, nipimie choo cha mkaza mwana wangu, nataka nijue kama ana wadudu wa paka." Nikamwambia, "Shangazi, hata nikikaa nacho hadi kesho, huko hawaonekani." Hakuridhika, na hakuwa peke yake. Kupima choo kunaonyesha mayai ya minyoo inayozaliana matumboni mwetu sisi. Toksoplazma haitoi vijiyai ndani ya mtu, na toksokara haikui ikafika kutaga ndani ya mtu. Kwa hiyo majibu ya choo yakirudi safi, hayajasema lolote kuhusu vimelea hivi viwili. Vyote hutafutwa kwa kupima kingamwili katika damu.

Kipimo cha damu nacho kina mtego wake, na hapa ndipo ninapoona machozi mengi yasiyo ya lazima. Karatasi hurudi na mistari miwili, IgG na IgM, ambazo ni aina mbili za kingamwili. IgG ikionekana peke yake, maana yake ni kwamba mama aliwahi kuambukizwa zamani, na kama ilikuwa kabla ya mimba, basi kwa kawaida mtoto wake amelindika. Hiyo ni habari njema, na bado nimeona wanawake wakiambiwa "una ugonjwa wa paka" na kuandikiwa dawa kwa sababu ya IgG tu. IgM huashiria maambukizi mapya, lakini huweza kubaki katika damu kwa miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na vipimo vya haraka huikosea. IgM ikionekana, hatua sahihi ni kurudia kipimo baada ya wiki mbili hadi tatu katika maabara kubwa zaidi, na kuomba kipimo cha nguvu ya mshikamano wa IgG, ambacho husaidia kujua kama maambukizi ni ya karibuni au ya zamani. Asiyekuwa na IgG wala IgM ndiye wa kujihadhari kuliko wote, maana hana kinga, ingawa ndiye anayerudi nyumbani akiwa amefurahi zaidi.

Maambukizi mapya katika mimba si jambo la kupuuzwa. Katika miezi mitatu ya kwanza kimelea humfikia mtoto katika mimba chache, lakini kikimfikia madhara huwa makubwa, ikiwamo mimba kutoka, maji kujaa kichwani au ubongo kudhurika. Katika miezi mitatu ya mwisho humfikia mtoto katika zaidi ya nusu ya mimba, na wengi wa watoto hao huzaliwa wakionekana wazima, kisha matatizo ya macho hujitokeza miaka kadhaa baadaye. Dawa zipo, kama spiramaisini, na hutolewa na daktari wa wajawazito aliyethibitisha vipimo. Pamoja na hayo, mama mwenye mtoto wa kichwa kikubwa kilichojaa maji asilaumiwe kwa paka wake: katika hospitali ya watoto ya Mbale, Uganda, zaidi ya nusu ya watoto waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 walikuwa wamepata hali hiyo kufuatia maambukizi ya ubongo, mengi yao yakiwa ya majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa.

Wengine wa kujihadhari ni watu wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka sana, hasa hesabu ya CD4, yaani chembe za kinga katika damu, ikiwa chini ya 100. Kwao kimelea kilicholala tangu utotoni huamka na kushambulia ubongo, na dalili zake ni maumivu ya kichwa, kifafa, au upande mmoja wa mwili kulegea. Kotrimoksazoli wanayopewa kliniki, pamoja na kazi nyingine, inawakinga na hili, na ndiyo sababu moja ya kutoiacha kabla ya kuambiwa. Mtu mwenye kinga nzuri mara nyingi hajui kabisa kwamba aliambukizwa, au huvimba mitoki shingoni kwa muda ikaisha yenyewe.

Vimelea vingine nitavipitia kwa haraka. Minyoo ya safura ya paka na mbwa huacha viluwiluwi mchangani, hasa penye kivuli na unyevu karibu na madau yaliyopandishwa ufukweni. Vikiingia ngozi ya mguu au makalio hutembea chini yake, vikichora mstari mwekundu wenye mwasho mkali unaoongezeka kila siku. Hutibiwa kwa albendazoli au ivamektini, na haifai kuchokorwa kwa sindano. Tegu wa paka hubebwa na viroboto, na mtoto humpata kwa kumeza kiroboto. Vipande vyake huonekana kama punje za wali kwenye nepi. Funza wa miguuni hukaa pia katika nyayo za paka na mbwa, kwa hiyo nyumba inayotibu watu ikawasahau wanyama hurudi palepale. Na kipo kimoja chenye jina la kwetu kabisa: mwaka 1958, Buckley, Nelson na Heisch walieleza mnyoo mwembamba wa mishipa ya limfu waliomkuta kwa paka, mbwa na kanu wa kisiwa cha Pate, ambao leo hujulikana kama Brugia patei. Matende tunayoyaona kwa watu wa pwani husababishwa na mnyoo mwingine, unaotoka kwa mtu kwenda kwa mtu kupitia mbu, na paka hana lake hapo.

Kwa anayebaki na paka wake, kazi si kubwa. Kinyesi kizolewe kila siku na mtu asiye mjamzito. Akikosekana, mjamzito avae glavu na kunawa kwa sabuni. Paka asipewe matumbo mabichi ya kuku wala nyama mbichi. Kitoto cha paka kipewe dawa ya minyoo kuanzia wiki ya tatu, kikirudia kila wiki mbili hadi kitakapoacha kunyonya, na paka mzima kila miezi mitatu, kwa kipimo cha daktari wa mifugo kulingana na uzito wake. Katika kutibu viroboto, dawa ya mbwa yenye permethrini isipakwe paka hata kidogo, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuivunja na humtia degedege mpaka kufa. Dukani mwulize muuzaji kama dawa hiyo ni ya paka, kisha usome kibandiko mwenyewe.